TAHA HUSSEIN: KIPOFU ALIYEFUNGUA MILANGO YA SHULE

Ukikaa na wenzetu wa Kidato cha Nne siku za kwanza za muhula utasikia mazungumzo ya aina moja tu: karo, basari, na nani amepata mfadhili. Wengine tayari wanaota masomo ya ng'ambo. Si vibaya kuota. Lakini ni wachache wanaojiuliza ule mkono unaomsaidia mwanafunzi maskini ulianzia wapi, na nini hutokea mwanafunzi huyo akirudi nyumbani na shahada yake mkononi. Ndiyo maana nimemchagua mtu wa Misri ambaye jina lake linajulikana ulimwengu mzima wa Kiarabu, ingawa hapa kwetu wanaomjua ni wale tu waliobahatika kusoma vitabu vyake. Jina lake ni Taha Hussein.

Alizaliwa Novemba 1889 katika kijiji kidogo cha Izbat al-Kilo, karibu na mji wa Maghagha, mkoa wa Minya. Wamisri huita sehemu hizo Misri ya Juu, ijapokuwa kwenye ramani ziko chini, kwa sababu mto Nile huteremka kutoka kusini kwenda kaskazini. Baba yake alikuwa karani mdogo katika kampuni ya sukari, na kwake Taha alikuwa mtoto wa 7 kati ya watoto 13. Nyumba ilijaa watu. Chakula kilikuwepo, lakini hakikuwa cha kumwaga.

Akiwa na umri wa miaka miwili au mitatu hivi macho yalimuuma. Huko vijijini wakati huo ugonjwa wa macho ulikuwa kitu cha kila siku, na watu waliungoja upite kama mafua. Alipoachwa siku kadhaa na hali ikazidi, akaitwa kinyozi. Ndiyo, kinyozi! Yule yule wa kunyoa nywele ndiye aliyekuwa tabibu wa kijiji. Akamtia dawa anazozijua yeye, na mtoto akapoteza macho yote mawili. Hakuna aliyemtakia mabaya. Umaskini na kutojua ndivyo vilivyomtia gizani, na jambo hilo hakulisahau mpaka anakufa.

Alipelekwa chuoni kusoma Kurani, kama watoto wa pwani yetu wanavyopelekwa madrasa. Kabla hajatimiza miaka tisa alikuwa amekwisha kuihifadhi yote kwa moyo, na baba yake akaanza kumwita Sheikh. Mtoto akavimba kichwa, akaona kazi imekwisha, akaacha kudurusu. Basi siku moja baba, akiwa na wageni wake wawili, akamtaka asome Sura ya Shuaraa. Taha akaanza vizuri kwa zile herufi za mwanzo, kisha akakwama. Wanaozijua sura hizo wataelewa: zipo tatu zinazofuatana, na zote zinaanza kwa herufi zinazofanana. Baba akamjaribu kwa ya pili, akakwama. Akamjaribu kwa ya tatu, mambo yakawa yale yale. Akaambiwa ainuke aende zake. Aibu iliyompata siku hiyo aliikumbuka hata alipokuwa mzee mwenye shahada za udaktari.

Kuna kisa kingine cha utotoni ambacho mimi kilinigusa zaidi. Jioni moja, wakila, alifikiria ingekuwaje kama angelichukua tonge kwa mikono miwili badala ya mmoja. Akafanya hivyo. Ndugu zake wakaangua kicheko, mama akalia, baba akamwambia kwa upole kwamba hivyo sivyo watu wanavyokula. Usiku ule hakupata usingizi. Tangu siku hiyo akajikataza kila chakula cha kuliwa kwa kijiko ambacho kingeweza kumwagika, na kwa miaka mingi akapenda kula peke yake ndani ya chumba kilichofungwa mlango. Tunaocheka wenzetu mezani, tena kwa mambo madogo, hatujui kicheko chetu kinakwenda naye mtu mpaka wapi.

Mwaka 1902 kipindupindu kiliingia Misri. Taha alikuwa na kaka wa miaka 18, kijana hodari aliyekwisha kufaulu mitihani na kukubaliwa kusomea udaktari wa tiba. Kijana huyo alijitolea kumsaidia daktari wa mji kuwahudumia wagonjwa, akaambukizwa, akafa. Nyumba nzima ilibadilika. Mtoto kipofu akawa anaswali mara mbili kila wakati wa swala, moja yake na moja ya marehemu kaka yake.

Mwaka huo huo alipelekwa Cairo kusoma Al-Azhar, pamoja na kaka mwingine aliyekuwa amemtangulia huko. Al-Azhar si msikiti tu. Kwa zaidi ya miaka elfu moja pamekuwa mahali pa masomo, na wanafunzi wake walisaidiwa kwa mali ya wakfu: mtu mwenye uwezo hutoa shamba au nyumba iwe ya Mungu, pato lake likawalisha wanaosoma. Wanafunzi walikaa katika kumbi zao kufuatana na nchi walikotoka. Watu wa Sham walikuwa na ukumbi wao, watu wa Maghribi wao, na hata ndugu zetu wa upande wa Pembe ya Afrika, walioitwa Jabarti, walikuwa na wao. Mkate wa kila siku ulitoka katika wakfu huo. Kwa hiyo mambo ya kufadhili mwanafunzi aliye mbali na kwao hayakuanza juzi.

Lakini mkate wa bure haukuwa mkate mtamu. Taha alikula huo mkate, mara nyingine umechanganyika na makapi na wadudu, akauchovya katika asali ya miwa. Alipowaandikia wazazi hakuwaambia hata kidogo. Aliwaambia anaishi vizuri na kaka yake. Ukweli ni kwamba jioni kaka alikwenda kunywa chai na kudurusu na rafiki zake, akamwacha mdogo wake peke yake chumbani, anasikiliza vishindo vya wadudu na panya, anaogopa hata kusogea. Hali hiyo ilipungua alipokuja binamu yake kutoka kijijini, wakawa wawili.

Masomo yenyewe aliyapenda, kisha akaanza kuyachoka. Alipenda fasihi, na huko fasihi haikupewa uzito. Alikuwa na mdomo pia, ukweli usemwe. Aliwauliza masheikh maswali ambayo hawakupenda kuulizwa. Alipoufanya mtihani wa mwisho mwaka 1912 aliangushwa, naye mwenyewe alisimulia kwamba watahini walikuwa wameagizwa wamwangushe.

Hapo kama angelikuwa mwingine mambo yangekwisha. Angerudi Maghagha akawa msomaji wa Kurani makaburini, kwa maana hiyo ndiyo ilikuwa kazi ya vipofu wengi.

Sasa, Desemba 1908 Cairo ilikuwa imepata kitu kipya: chuo kikuu cha raia. Nasema cha raia kwa sababu hakikujengwa na serikali. Wakati huo Waingereza ndio waliokuwa wakiitawala Misri, na Lord Cromer, aliyekuwa mkuu wao hadi 1907, hakutaka kusikia habari ya chuo kikuu. Basi Wamisri wakachanga. Ilikuwa harambee hasa, ingawa neno hilo hawakulijua! Tajiri mmoja wa Beni Suef alianza na pauni 500, wengine wakafuata, Prince Ahmad Fuad akawa mkuu wa chuo. Masomo yalifunguliwa kwa wote, Waislamu kwa Wakristo. Walimu waliletwa kutoka Italia, Ujerumani na kwingineko. Taha alikuwa miongoni mwa wanafunzi wa mwanzo kabisa. Asubuhi Al-Azhar na kilemba chake, jioni chuo kikuu.

Harambee, kama tujuavyo, huanza kwa makofi na kuishia kwa ahadi. Baada ya miaka michache fedha zilikuwa zinakwisha. Hapo ndipo anapoingia Binti Fatma, bintiye Khedive Ismail. Alizipata habari hizo kwa daktari wake, Alawi Pasha, ambaye alikuwa bingwa wa macho na pia mmoja wa wasimamizi wa chuo. Fatma akatoa kiwanja cha ekari 6 hivi cha kujengea, akaweka wakfu mashamba ya zaidi ya ekari 600 ili pato lake liendeshe chuo, kisha akavua vito vyake vikauzwa. Fedha zilizopatikana kwa vito hivyo zilikuwa pauni 18,000 hivi. Jiwe la msingi liliwekwa mwaka 1914. Yeye alifariki mwaka 1920, kabla majengo makubwa hayajasimama. Binti wa mfalme alitoa dhahabu yake ili watoto wa makarani na wakulima wasome, na mpaka leo chuo hicho kinamkumbuka.

Katika mipango ya chuo ilikuwamo kuwapeleka vijana Ulaya wakasome, warudi wafundishe. Taha alipoisikia akaomba. Akakataliwa. Masharti yalisema lazima uwe na cheti cha sekondari, naye hakuwa nacho, na lugha ya Kifaransa hakuijua. Juu ya hayo, kipofu atafanya nini Paris? Nani atamshika mkono? Akajifunza Kifaransa, akaomba tena. Akaambiwa angoje mpaka apate shahada ya udaktari hapo hapo Cairo, pengine wakidhani atachoka. Hakuchoka. Mwaka 1914 alitoa tasnifu yake juu ya Abu al-Ala al-Maarri, mshairi aliyekufa karne ya 11, kipofu kama yeye. Ikawa udaktari wa kwanza kutolewa na chuo hicho. Sasa wangesema nini tena?

Novemba 1914, vita vikuu vikiwa vimekwisha kupamba moto, akapanda meli kwenda Ufaransa. Kilemba na joho la Al-Azhar vikavuliwa, suti ikavaliwa. Alipelekwa Montpellier, mji wa kusini, ulio mbali na mizinga. Huko alijifunza nukta za breli, lakini alikuwa ameshazoea kusoma kwa masikio, na vidole vilimchelewesha. Alihitaji mtu wa kumsomea vitabu. Tarehe 12 Mei 1915 alikuja msichana mmoja wa Kifaransa kwa kazi hiyo, jina lake Suzanne Bresseau. Sauti yake ikawa macho yake.

Kabla hata hajatimiza mwaka, chuo kikaishiwa tena. Wanafunzi wakaamriwa kurudi. Hebu fikiria: umehangaika miaka kukubaliwa, umeanza tu kuonja, unaitwa nyumbani kwa sababu mfuko ni mtupu. Alikaa Cairo miezi mitatu hivi kama mtu aliyefiwa. Fedha zikapatikana, na Desemba 1915 akawa Paris, chuo cha Sorbonne. Wanafunzi wengi wanaosomeshwa na wahisani wanalijua jambo hili: msaada unaweza kukatika katikati ya daraja, na aliyeko ng'ambo hana wa kumlilia.

Paris alisoma Kigiriki cha kale na Kilatini na historia, akaandika tasnifu juu ya Ibn Khaldun, yule mwanachuoni wa Tunis wa karne ya 14. Msimamizi wake mmojawapo alikuwa Émile Durkheim, ambaye alifariki kabla ya tasnifu kutetewa mwanzoni mwa 1918. Tarehe 9 Agosti 1917 alimwoa Suzanne. Jamaa za msichana walishangaa, na si ajabu: mgeni, tena Mwislamu, tena kipofu, tena hana senti. Aliyemtia moyo bibi harusi alikuwa mjomba wake, padri wa Kikatoliki! Walipata watoto wawili, Amina na Moenis, na ndoa hiyo ilidumu miaka 56.

Mwaka 1919 alirudi Misri akafundisha historia ya Wagiriki na Warumi, halafu fasihi ya Kiarabu. Chuo kilichukuliwa na serikali mwaka 1925. Mwaka uliofuata akatoa kitabu juu ya mashairi ya Kiarabu ya kabla ya Uislamu, akadai mengi kati yake yalitungwa baadaye. Lo! Nchi ikawaka. Baadhi ya maneno yake yaligusa dini, na watu wengi waliumia kwelikweli, si kwa fitina tu. Alishtakiwa. Mwendesha mashtaka, Muhammad Nur, aliisoma kesi kwa makini, akaona kwamba mwandishi amekosea mahali fulani lakini hakukusudia kutukana dini, akaifunga Machi 1927. Kitabu kiliondolewa, kikatoka upya kikiwa kimebadilishwa. Wataalamu hadi leo wengi hawakubaliani naye katika jambo hilo. Mimi sina elimu ya kuamua, nasimulia tu.

Mwaka 1929 kilitoka kitabu chake kipendwacho kuliko vyote, al-Ayyam, yaani Siku, kinachosimulia utoto wake. Visa vingi nilivyovieleza hapo juu vimo humo. Na mwishoni mwa miaka hiyo ya 1920, wasichana wa kwanza walipoingia kitivo chake cha fasihi, yeye alikuwa miongoni mwa waliowafungulia mlango. Mmoja wao, Suhayr al-Qalamawi, alikuja kuwa mwanamke wa kwanza wa Misri kupata shahada ya udaktari chuoni hapo, mwaka 1941. Dada zetu mnaosoma ukurasa huu, lishikeni jina hilo.

Mwaka 1932 serikali ya Ismail Sidqi ilitaka kitivo chake kiwape wanasiasa fulani shahada za heshima. Taha, aliyekuwa mkuu wa kitivo, akakataa katakata. Akahamishwa kwa nguvu, kisha akafukuzwa kazi. Mkuu wa chuo, Ahmad Lutfi al-Sayyid, akajiuzulu kwa ajili yake, na wanafunzi wakagoma. (Mhariri asinifutie sentensi hii, sichochei mtu!) Kwa miaka kadhaa aliishi kwa kalamu yake magazetini mpaka aliporudishwa.

Tukifika hapa ndipo ninapotaka tusimame kidogo. Mtu aliyesomeshwa kwa fedha za wahisani ana njia mbili. Aweza kukaa kimya afaidi. Au aweza kuuliza kwa nini mtoto mmoja apate mhisani na wengine 100 wabaki kijijini na kinyozi. Taha aliuliza. Mwaka 1938 aliandika kitabu kizima juu ya elimu ya Misri, akataka serikali ibebe jukumu hilo. Alipokuwa mshauri wa wizara ya elimu, 1942 hadi 1944, karo ya shule za msingi iliondolewa, na chuo kikuu kikaanzishwa Alexandria mwaka 1942, yeye akiwa mkuu wake wa kwanza.

Januari 1950 chama cha Wafd kilimtaka awe waziri wa elimu. Akakubali kwa sharti moja: sekondari nazo ziwe bure. Msimamo wake ulijulikana kila mahali, kwamba elimu ni haki ya mtu kama maji anayokunywa na hewa anayovuta. Alipingwa na watu wenye akili zao. Ismail al-Qabbani, mwalimu mashuhuri, alisema tukifungua milango yote kwa pamoja madarasa yatajaa, walimu watakuwa wachache, kiwango kitaanguka. Hata sisi Kenya tuliyasikia maneno hayo hayo mwaka 2003, shule za msingi zilipofanywa bure na darasa moja likawa na watoto 100. Al-Qabbani hakusema uongo. Madarasa ya Misri yalijaa kweli, na miaka mingi baadaye wazazi wengi huko walijikuta wakilipia masomo ya ziada ya jioni ili watoto wafaulu. Lakini kwa maoni yangu, darasa lililojaa linaweza kupunguzwa mwaka ujao, na mtoto aliyekosa kuingia mwaka huu hasubiriki. Kwa Taha jambo hili halikuwa hesabu ya vitabu vya serikali. Alijua ujinga unagharimu nini, maana ulimgharimu macho.

Uwaziri wake ulidumu miaka miwili tu. Moto mkubwa uliiteketeza Cairo tarehe 26 Januari 1952 na serikali ya Wafd ikaondolewa. Hakurudi tena katika uwaziri, ila sheria ya elimu ya bure ilibaki, na serikali ya Nasser ikaipanua hadi vyuo vikuu. Mambo yakageuka pia: Misri iliyokuwa ikituma vijana Ufaransa kwa kuchangisha, katika miaka ya 1950 na 1960 ikawa inawapokea na kuwafadhili vijana wa nchi nyingine, wakiwemo wa Afrika Mashariki, hasa Zanzibar.

Uzeeni alikaa katika nyumba yake iitwayo Ramatan, upande wa Giza, akiendelea kuimla huku makarani wakiandika. Alifariki tarehe 28 Oktoba 1973, bunduki za vita vya Oktoba zikiwa ndiyo kwanza zimenyamaza. Mwaka huo huo Umoja wa Mataifa ulimtunuku tuzo yake ya haki za binadamu. Nyumba ya Ramatan ilifanywa makumbusho. Suzanne, aliyekuwa amemsomea vitabu tangu ile siku ya Mei kule Montpellier, aliandika kitabu juu ya maisha yao pamoja, akafariki mwaka 1989.